Mwamia Ndege wa Bonde la Mwandimu

Mwanarusi Chome alipandishwa dunguni akiwa na umri wa miaka saba, na kusema kweli hakuteremka mpaka alipopata mume. Dungu lenyewe, kijukwaa cha mlinzi wa shamba, lilikuwa la miti ya mikoko, limesimamishwa katikati ya mpunga wa babake katika bonde la Mwandimu, kusini kidogo ya Msambweni, pale ambapo mto umeikaribia bahari lakini bado haujaonja chumvi. Kazi yake ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Kabla jua halijachomoza awe ameshapanda, adhuhuri aletewe chakula juu kwa juu, magharibi ashuke. Mpunga ulipotia maziwa hakuna aliyekumbuka kumpeleka shule, na ulipovunwa shule ilikuwa imekwenda mbali bila yeye.

Alikuwa hodari wa kombeo. Watu wa rika lake bado wanasimulia kwamba aliweza kumtoa mnana mmoja juu ya bua bila kulitikisa bua la pili. Mwenyewe hajivunii hilo. Ukikaa naye barazani kwake, anachokusimulia ni yale aliyoyaona kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Aliona kwamba kila ndege ana saa yake. Minana walikuja umande ukiwa haujakauka, wakala, kisha wakaenda kunywa maji kwa pamoja kama watu wa harusi moja. Yangeyange hawakugusa punje, wao walifuata kwato za ng'ombe. Na kila mwaka, kusi ilipoanza kuchoka, walitokea wageni: ndege wa miguu mirefu, wa rangi ya tope, waliosimama kimya madimbwini wakingoja maji ya bahari yatoke ili warudi kula kwenye matope ya mikokoni. Walikaa mpaka karibu na masika. Halafu asubuhi moja bonde lilikuwa tupu.

"Wanakwenda wapi?" alimwuliza babake.

"Wanakwenda kwao."

"Kwao ni wapi?"

Mzee Chome alitazama upande wa kaskazini, akatazama na upande wa kusini. "Mimi nimezaliwa nikawakuta wanakwenda," akasema, akaendelea kupalilia.

Aliolewa akiwa na miaka kumi na saba, na kijana wa bonde lile lile, akahama dungu la babake akaingia dungu la mumewe. Msimu ule wa kwanza alitaka wakwe wamwone. Kundi la mabata maji lilipotua kwenye mpunga, alizungusha kombeo kwa nguvu zote akaachia. Jiwe likapita juu ya mabata likamkuta sururu aliyesimama tutani peke yake. Sururu ni yule ndege mkubwa wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda kama kile chombo cha kuchimbia. Hali mpunga. Mwanarusi alishuka akaenda kumwokota, akamkuta bado ana joto. Mguuni alikuwa na pete.

Ilikuwa pete ya madini meupe, imebanwa barabara, imeandikwa nambari na herufi ndogo ndogo. Mwanarusi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alidhani ni hirizi. Mumewe alimshauri ampelekee mwalimu wa madrasa, na mwalimu akaigeuza pete ile kidoleni mara nyingi kabla ya kusema neno.

"Herufi hizi si za kwetu," akasema. "Lakini mtu hamvishi ndege pete kwa mchezo. Huyu ana mwenyewe, na mwenyewe alitaka ajulikane."

Mwanarusi alimzika yule sururu kando ya tuta. Pete aliitia katika kikopo cha wanja. Tangu siku hiyo hakurusha jiwe tena. Aliamia ndege kwa makopo aliyoyafunga kwenye kamba, kwa makofi na kwa sauti yake, na mumewe akamcheka siku tatu nne, kisha akaona mavuno hayakupungua, akanyamaza.

Miaka ikapita zaidi ya arubaini. Mumewe alifariki, Mola amrehemu, akamwachia shamba na binti mmoja, Hafsa, ambaye sasa ni mshonaji wa nguo huko Kombani. Mwanarusi aliendelea kulima. Asubuhi alikaanga vitumbua vya mchele wake mwenyewe akauza kando ya barabara kuu, kwenye kona ambako lami inapita juu ya bonde. Kila siku aliyaona magari ya watalii yakitoka Diani kwenda Shimoni kuwahi mashua za kutazama pomboo. Yalipita na shingo zote zimeelekea mbele. Chini yao, upande wa kushoto, bonde zima lilikuwa limejaa ndege, na hakuna aliyegeuka.

Gari la kwanza kusimama lilisimama kwa pancha. Ilikuwa mwezi wa kwanza, miaka mitatu iliyopita. Dereva alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Jemima, mzaliwa wa bara aliyehamia Ukunda kutafuta kazi akajifunza mwenyewe, kwa vitabu, kuongoza wageni wanaopenda ndege. Ndani mlikuwa na mtu na mkewe, Waholanzi, wazee wote wawili. Jemima alipokuwa akihangaika na jeki, yule bibi alishuka na mkongojo wake, akaenda ukingoni, akainua darubini. Hakuishusha.

Baada ya muda Jemima alimjia Mwanarusi huku anafuta mikono.

"Shikamoo, mama. Samahani. Huyu bibi anaona sururu pale chini, karibu na ule mnazi ulioinama, lakini hana uhakika ni sururu gani. Na mimi kwa umbali huu, ukweli, sioni vizuri."

"Marahaba, mwanangu." Mwanarusi alitupa jicho mara moja bondeni, mikono bado imo kwenye unga. "Sururu wako wa aina mbili. Kuna mdogo mwenye michirizi kichwani, na mkubwa ambaye hana. Huyo ni mkubwa. Mtazame anavyokwenda, kama mtu aliyevaa kiatu kipya. Mdogo hukimbia. Tena hayuko peke yake, wa pili yuko nyuma ya kisiki."

Jemima alitafsiri. Bibi alifungua kitabu, akatazama tena kwa darubini, akangoja. Wa pili akatoka nyuma ya kisiki. Bibi alikifunga kitabu, akamgeukia Mwanarusi.

"Saa hizi maji yamejaa," Mwanarusi akaendelea, "kwa hiyo wamefukuzwa matopeni. Wamekuja kungoja. Nanyi mkingoja mpaka maji yaanze kutoka, mtawaona wanavyoondoka wote kwa mara moja. Hawaambiani. Wanajua tu."

Gurudumu lilikuwa limeshafungwa, lakini hakuna aliyepanda gari. Walikaa saa tatu, wakala vitumbua vyote, na mashua ya Shimoni ikawaacha. Maji yalipoanza kutoka, ndege mia nne au mia tano waliinuka kwa pamoja kutoka kila pembe ya bonde, wakageuka mara moja hewani, wakaliweka jua mgongoni, wakaelekea mikokoni. Wakati wa kuagana yule bibi aliushika mkono wa Mwanarusi kwa mikono yake miwili.

"Anasema ametembea nchi nyingi kutafuta ndege," Jemima akatafsiri, "na hajakutana na mtu anayewajua kama anavyowajua majirani zake."

Wiki iliyofuata Jemima alirudi peke yake, na darubini ya pili shingoni. Walishuka wote wawili mpaka kwenye tuta la kati. Kwenye waya wa ua alikuwapo keremkerem, yule mwekundu anayekuja na kaskazi na kula nyuki. Jemima alimwonyesha Mwanarusi jinsi ya kuzungusha kile kigurudumu cha katikati mpaka picha isimame.

Mwanarusi aliwafahamu keremkerem tangu hajang'oka meno ya utoto. Kwake walikuwa kitu chekundu kinachopita. Sasa akaona kwamba ule wekundu si mmoja. Kifuani ulikuwa kama komamanga lililopasuliwa, mgongoni umeiva zaidi, na kichwa hakikuwa chekundu hata kidogo, kilikuwa na rangi ya maji ya bahari pale yanapoanza kuwa ya kina. Mstari mweusi ulipita jichoni kama mtu aliyetiwa wanja na fundi. Ndege akageuza kichwa. Jicho lake, jekundu kama tone, likamtazama Mwanarusi sawasawa.

Aliteremsha darubini polepole, akakaa chini kwenye tuta, kwenye majani mabichi, na kanga yake safi.

"Mama, uko sawa?" Jemima akamwuliza.

"Subhanallah," Mwanarusi akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza: "Miaka hamsini nimekuwa nikimfukuza. Nilidhani namjua."

Siku hiyo ndipo alipomtolea Jemima kikopo cha wanja. Jemima aliisugua ile pete kwa pindo la shati mpaka herufi zikatoka, akaipiga picha, akaituma kwa watu wanaoweka kumbukumbu za ndege waliovishwa pete. Alimwonya Mwanarusi asitarajie kitu. Mambo ya zamani, huenda karatasi zimeshaliwa na panya.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Jemima hakulisema kwa simu. Alipanda gari akaja mpaka Mwandimu, wakakaa kwenye mkeka, akasoma polepole akitafuta maneno ya Kiswahili ya kutosha. Yule sururu alivishwa pete akiwa kinda, hajaweza kuruka, katika nyika ya majimaji kaskazini kabisa ya Urusi, mahali ambapo mti hauoti, na ambapo wakati wa kiangazi jua halizami kwa wiki nyingi.

"Halizami?"

"Halizami, mama. Linazunguka tu juu."

Mwanarusi alifikiri. "Na Waislamu wa huko, magharibi wanaswali saa ngapi?"

Jemima alikiri kwamba hajui. Akaendelea kusoma. Kati ya siku aliyovishwa pete na siku aliyookotwa Mwandimu ilipita miaka kumi na mmoja. Kila mwaka, au karibu kila mwaka, alikuwa ameikata njia ile kwenda na kurudi.

"Hiyo ni zaidi ya mara ishirini," Mwanarusi akasema. Aliitia pete kidoleni, ikaishia kwenye kucha. "Amepita theluji na majangwa na bahari, mara ishirini, akaja akasimama tutani kwangu kupumzika. Naye hakunilia hata punje moja."

Aliirudisha pete kikoponi, akafunga kifuniko.

"Nataka watu wawaone," Mwanarusi akasema. "Si wageni peke yao. Watu."

Ndivyo kazi yao ilivyoanza. Jumanne na Alhamisi, siku ambazo Jemima hakuwa na safari, walizunguka pwani ya kusini wakitafuta mahali ambapo kila mtu hupita bila kutazama. Walikwenda nyuma ya kijiji cha Gazi, wakavuka mikoko kwa miguu maji yakiwa yametoka, tope likiwafika magotini, mpaka kwenye uwanja mpana wa matope ambao kwa mbali ulionekana mtupu na kwa darubini ulikuwa unatembea, maelfu kwa maelfu ya ndege wadogo wakichokoa kila inchi yake. Walikwenda Kibuyuni, ambako wanawake wanaolima mwani waliwaonyesha ndege weupe kwa weusi wanaokula kaa na kuwalisha watoto wao kaa midomoni. Walikuta shimo la zamani la kuchimbia mawe ya matumbawe, limeachwa limeota magugu, na ukutani mwake keremkerem wa kijani walikuwa wamechimba matundu yao mamia kama nyumba za ghorofa. Mwanarusi alisema, Jemima akaandika: ndege gani, mwezi gani, maji yakiwa vipi, ukae upande gani usiwatishe.

Orodha ile waliipeleka kwenye hoteli za Diani. Katika hoteli moja meneja aliwasikiliza kwa adabu, akawapa maji ya matunda, akasema, "Mama, wageni wangu wanataka ufuo, na mbega kidogo mitini. Tope halina mnunuzi." Huko Kombani nako maneno yalimfikia Hafsa sokoni, naye akampigia simu mamake.

"Mama, watu wananiambia unatembea mikokoni na watu wa bara kutafuta ndege."

"Wamekwambia kweli."

"Na tope magotini?"

"Hilo wamepunguza. Lilinifika mapajani."

"Mama, una miaka sitini."

"Hamsini na tisa," Mwanarusi akasema.

Hata hivyo wageni walianza kuja, mmoja leo, wawili wiki ijayo, kwa maneno ya yule bibi wa Kiholanzi na ya wale waliofuata. Wengine walikuwa Wakenya, watu wa Mombasa na Nairobi, wenye darubini za kuazima. Jambo hilo wenyeji wa Mwandimu hawakulipenda wala kulichukia. Mwenyekiti wa wakulima wa mpunga, Abdurahman, alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mwanarusi, mtu mkali lakini mkweli. Yeye alisema mara moja tu, "Shemeji, hawa ndege umewafanya kuwa watu," kisha hakurudia.

Masika ya mwaka jana walikuja viwavijeshi. Mpunga ulikuwa umechipua, umefika kifundo cha mguu, na siku moja wakulima waliamka wakakuta ukingo wa juu wa bonde umekuwa mweusi na unasogea. Ukisimama kimya uliwasikia wakitafuna, kama mvua nyembamba juu ya makuti. Baada ya swala ya alasiri watu walikutana uwanjani, na Abdurahman akaeleza kwamba ameshapata dawa kali, isiyo na karatasi ya maelezo lakini waliokwisha kuitumia wanaisifu. Kesho yake wangepuliza bonde lote, mwanzo mpaka mwisho.

Mwanarusi alijua dawa ile ingeishia madimbwini. Alijua ni nani waliokuwa wakinywa madimbwini. Lakini alijua pia kwamba hawa ni watu wenye watoto, na mpunga ndio chakula chao. Alikuwa bado anatafuta neno la kusema pale simu yake ilipolia. Alikuwa Jemima. Waongozaji ndege wana mtindo wa kupashana habari, na mwenzao wa Tanga alikuwa ameandika asubuhi ile kwamba kozi wadogo wa miguu myekundu, ndege wa jamii ya mwewe, wamepita juu ya mji wake, maelfu, wakiifuata mvua kuelekea kaskazini.

Kozi hao Mwanarusi alikuwa amewaona mara tatu tu katika maisha yake. Kila mara walikuja na mvua ya upande huo wa kusini, na mara mbili kati ya hizo walikuta viwavi. Alisimama mbele ya wanaume.

"Shemeji, nawaomba siku tatu."

"Za nini?"

"Kuna ndege wako njiani. Hawali mpunga. Wanakula wadudu, na ni wengi."

Baadhi walicheka. Abdurahman hakucheka. "Wako wapi?"

"Leo asubuhi walikuwa Tanga."

"Na wasipokuja?"

"Wasipokuja, shamba langu ndilo liko karibu na viwavi baada ya lako. Nitaumia kabla ya wengi wenu."

Abdurahman alitazama chini. Alikuwa akimkumbuka nduguye, labda, au alikuwa akihesabu mashina. "Siku mbili," akasema. "Tatu sikupi."

Siku ya kwanza mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata kunguru. Viwavi walimaliza shamba la juu la Abdurahman wakaingia la Mwanarusi. Siku ya pili ilikuwa joto tupu. Jirani mmoja alipita mbele ya nyumba yake bila salamu, jambo ambalo halijatokea Mwandimu tangu azaliwe. Mwanarusi aliniambia kwamba alasiri ile alikaa mlangoni akajiuliza kama ana haki ya kuuchezea mpunga wa watu kwa ajili ya jambo aliloliona mara tatu. Jioni mvua ikanyesha, nzito, ya kutoka kusini. Kisha ikakatika.

Alfajiri, baada ya swala, Abdurahman alifika uani kwake na pampu mgongoni.

"Shemeji, siku zimekwisha."

"Zimekwisha," Mwanarusi akasema. "Twende."

Waliteremka pamoja, na wanaume wengine sita nyuma yao. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Wa kwanza kusimama alikuwa Abdurahman. Pembeni mwa bonde kuna safu ya mivinje mirefu, na mivinje hiyo, ambayo anaijua tangu ilipopandwa, ilikuwa imebadilika umbo. Ilikuwa imenenepa. Kila tawi lilikuwa limeinama.

"Miti ile ina nini?" akauliza.

Jua likachomoza. Mwanga uliifikia mivinje kutoka juu ukishuka, na kila ulipogusa, miti ilijifungua. Kozi waliinuka tawi kwa tawi, mti kwa mti, bila mlio, mpaka anga juu ya Mwandimu ikawa imeshonwa kwa mabawa. Walikuwa wadogo kuliko njiwa, wa kijivu kama moshi, na miguu myekundu. Wakati ule ule, kwenye ardhi iliyolowa, vichuguu vikaanza kutoa kumbikumbi, na kumbikumbi wakapanda, na kozi wakawashukia. Waliwadaka kwa mguu na kuwala huku wanaruka, hawakupunguza mwendo. Mabawa ya kumbikumbi yalidondoka juu ya watu wale wanane, juu ya kofia na kanga na pampu, kama vipande vya pamba. Kisha kundi moja likateremka kwenye mpunga, likafuatwa na la pili, na ule weusi uliokuwa ukisogea ukaanza kupunguka mbele ya macho yao.

Mwanamume mmoja alikuwa amekaa chini. Mwanarusi alikuwa akilia na hakujificha.

Abdurahman alivua pampu, akaiweka tutani kwa uangalifu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Jemima alifika kutoka Ukunda saa moja baadaye, viatu mkononi, akasimama karibu nao. Abdurahman ndiye aliyemwuliza wametoka wapi na wanakwenda wapi.

"Wametoka kusini kabisa mwa Afrika, mzee. Wanakwenda kuzaa karibu na mpaka wa Uchina na Urusi. Mbele huko watavuka bahari."

"Bahari ipi?"

"Hii. Watavuka mpaka Bara Hindi. Siku mbili, siku tatu, mchana na usiku. Hawana pa kutua."

"Kwa mabawa yale?"

"Kwa mabawa yale."

Abdurahman aliwatazama. Babu zake walikuwa wamekwenda Bara Hindi kwa matanga na si wote waliorudi. "Basi tuwaache wale," akasema. "Na washibe."

Walikaa siku mbili. Siku ya tatu, asubuhi, mivinje ilikuwa imesimama wima.

Nisiseme zaidi ya yaliyokuwa. Kozi hawakuwamaliza viwavi wote. Sehemu ya juu ya bonde ilikuwa imeshaliwa, na shamba la Abdurahman lote, na nusu ya la Mwanarusi, na wenyewe ikabidi watie miche upya na kuvuna wakiwa wamechelewa. Wapo mpaka leo wanaosema dawa ingekuwa bora. Abdurahman si mmoja wao. Dawa aliirudisha alikoitoa, na katika mkutano wa mavuno alipendekeza, bila kuombwa na mtu, kwamba mashamba manne ya chini yaachiwe maji mwaka mzima kwa ajili ya wale ndege wa miguu mirefu. Watu waliomwona asubuhi ile hawakumpinga. Hafsa alikuja kutoka Kombani akakaa wiki nzima, na alipoondoka aliwashonea waongozaji wa Mwandimu, mamake na Jemima, mifuko ya kutilia darubini.

Habari za kozi zilienea pwani yote. Mwezi wa kwanza mwaka huu yule meneja wa Diani alimpigia simu Mwanarusi, akamwomba aje azungumze na madereva wa watalii. Alifika na baibui lake la Ijumaa. Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi, na madereva kama thelathini walikuwa wamekaa, wengi wakichezea simu. Mwanarusi alisimama mbele yao kidogo, akawasalimu, kisha akasema hapa ndani hasikii kitu, na akawaomba watoke wote nje.

Walikuwa wameegesha magari yao chini ya miti mikubwa ya msitu wa zamani ambayo hoteli iliiacha. Mwanarusi akawaomba wanyamaze. Dakika nzima kulikuwa na kunguru tu.

"Mnaegesha hapa tangu lini?" akamwuliza dereva mmoja mwenye mvi, Mwinga kwa jina.

"Mwaka wa kumi na nne huu, mama."

"Juu ya gari lako kuna ndege. Amekuwapo tangu tulipotoka. Usitafute kinachotembea. Yeye amekaa kimya. Tafuta jani ambalo si jani."

Mwinga alitazama juu kwa muda mrefu. Wenzake wakasogea. Ndipo yule ndege, mkubwa, wa kijani kibichi, mwenye kishungi kilichochovywa nyekundu, alipokimbia juu ya tawi kama panya, akafungua mabawa kuvuka kwenda mti wa pili, na ndani ya mabawa yale, yaliyokuwa ya kijani kabisa, rangi nyekundu ikawaka kama moto uliofunuliwa.

"Ya Rabi," Mwinga akasema taratibu.

Wageni wa hoteli walikuwa wametoka na mizigo yao kutafuta magari ya kwenda uwanja wa ndege. Wakawakuta madereva wao wote thelathini wamesimama katikati ya magari, vichwa vimeinuliwa. Hakuna aliyewaambia kuna nini. Wakaweka mizigo chini, nao wakatazama.